Ushahidi Wangu Kuhusu Gari la Zahanati

Mwezi uliopita niliwaachia funguo za gereji, na nyinyi vijana mkaniomba niwaachie na maandishi. Nilishangaa kidogo, kwa sababu nilipokuwa nawaeleza mambo haya haya kwa mdomo mlikuwa mnatazama simu. Lakini nimekaa, nimeandika. Sitasema habari za vyeo. Gereji yetu ya Kihonda ilikuwa na vyeo viwili tu: anayelala chini ya gari, na anayesimama pembeni akimweleza. Mimi nilishika cha kwanza kwa miaka zaidi ya arobaini na sikupata kukitamani cha pili.

Niliingia kazini nikiwa na darasa la sita na wadogo zangu watatu. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka. Baada ya arobaini ya baba alikuja mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Alikuja na mpango: mmoja wetu aende Kilosa, mmoja Mvomero, wa mwisho abaki kwake. Ulikuwa mpango mzuri, uliotugawa sawasawa kama mbao. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, lakini hawa hawagawanyiki."

"Watakula nini?"

"Nitafanya kazi."

"Kazi gani?"

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Kesho yake nikaanza kulifikiria kwa miguu, na gereji ya kwanza niliyoikuta njiani ilikuwa hii ya Kihonda, wakati huo ya Mzee Banzi. Watu huniuliza kama nilikuwa na kipaji cha ufundi tangu utotoni. Ningekuta kinyozi kwanza, leo mngekuwa mnasoma habari za nywele.

Siku ya kwanza Mzee Banzi alinipa kipande cha nondo. Akaniambia niweke ncha moja kwenye injini inayounguruma na nyingine sikioni.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kelele, mzee."

"Vizuri sana. Hawa wengine wote wanasikia ugonjwa."

Kwa miezi kadhaa hakuniruhusu kutaja jina la kifaa chochote kilichoharibika. Nilitakiwa kueleza sauti tu: inakuja wakati gani, inaondoka wakati gani, inafanana na nini. Mafundi wenzangu walikuwa wanasema "hiyo difu", zile gia za ekseli, kabla gari halijasimama vizuri, nami nilikuwa bado nasema "inafanana na mtu anayetwanga kwenye kinu kilichopasuka, lakini mlimani hapumziki." Walinicheka sana. Wawili kati yao baadaye waliingia kwenye biashara ya vipuri, na huko kusema "hiyo difu" mapema ni faida.

Kanuni nyingine ya Mzee Banzi ilikuwa hii: muulize dereva, usimwamini, halafu muulize tena. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa mpunga kutoka Dakawa ambaye gari lake lilikuwa linagonga kila likikata kona ya kushoto. Gereji tatu zilikuwa zimeshabadilisha vitu. Nikamwomba aendeshe, mimi nikakaa nyuma, na kwenye kona ya pili kikombe cha chupa ya chai kikatoka chini ya kiti na kunigonga mguuni. Nilipompa mkononi, badala ya kufurahi alikasirika.

"Sasa fundi, watu nimeshawaambia ni difu."

Tukakubaliana kwamba ilikuwa difu.

Nimeanza na hayo ili mjue kwamba nilifundishwa vizuri. Kesi ninayotaka kuwaachia ni ile ambayo mafunzo hayo yote nilikuwa nayo na hayakunisaidia.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Kulikuwa na shirika moja lenye zahanati huko juu, ukipita Mlali na kuanza kupanda milima. Zahanati ilikuwa na gari moja la zamani la difu mbili, la aina ile ambayo magurudumu ya mbele yana habu za kuzungusha kwa mkono: ukizifunga, ya mbele nayo yanashika mitambo na kuvuta, ukizifungua, yanaviringika tu kama ya toroli. Dereva wake alikuwa Filipo, mtu wa milimani, Mkatoliki, rika langu. Mimi ni Mwislamu wa mjini, lakini ukoo wa mama yangu na ukoo wa mama yake ni watani tangu mababu.

Nyinyi vijana mnajua utani wa mitandaoni, kwa hiyo nieleze kidogo. Mtani ni mtu unayeruhusiwa kumtukana mbele za watu bila yeye kukasirika, na yeye hivyo hivyo kwako. Kwenye msiba wenu atakuja kuchekesha na kuchukua kuku, na hakuna wa kumzuia. Mimi na Filipo tulitukanana kwa miaka ishirini kwa upendo mkubwa. Siku asiponiambia kitu kibaya niliuliza kama anaumwa.

Basi gari la zahanati likaanza kutoa sauti. Filipo alisema inakuja wakati wa kushuka mlima: ngudu, ngudu, ngudu, hadi wagonjwa wanashika vyuma. Akalileta. Aliliosha kwanza, maana watu wetu hawapeleki gari gereji likiwa chafu, kama wasivyokwenda hospitali na nguo za shamba. Nikalichukua kwa lami hadi Msamvu na kurudi. Kimya kabisa. Nikabadilisha krosi, yaani viungo, vya propela ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumuni, kwa sababu sauti ilisikika nyuma wanakokaa abiria. Likarudi mlimani, likalia. Likaletwa, nikafungua difu ya nyuma, nikabadilisha beringi. Msamvu na kurudi, kimya. Mlimani, ngudu ngudu. Tukabadilisha shokapu, tukabadilisha raba za giaboksi. Nyuma ya gari lile ikawa mpya kuliko ilivyotoka kiwandani.

Huko zahanati watu walianza kusema gari linaogopa mafundi. Wengine walisema ni kwa sababu liliwahi kubeba maiti. Na mjini, shirika lilipata meneja mpya wa usafirishaji, Bwana Elisha, kijana aliyekulia Dar es Salaam, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa na kompyuta ndogo ya mkononi anayoiandikia kila kitu. Simsemi vibaya. Alikuwa mtu wa kwanza katika ofisi ile kuandika kile alichosikia. Taabu ni kwamba alisikia.

Alikuja gerejini siku ya ziara ya nne, akatukuta mimi na Filipo tupo katikati ya shughuli.

"Filipo, umeliua gari la watu," nilikuwa nasema. "Lingekuwa na mdomo lingekushitaki."

"Mdomo linao. Limenyamaza kwa sababu limemwona fundi mwenyewe hana akili. Mtu wa ukoo wenu akishika spana, hata nati inalia."

"Wewe ulifundishwa kuendesha na mbuzi. Unatia gia kama unavunja kuni. Sauti zote zilizomo humu umezitia wewe, makusudi, upate kuja kupumzika na kunywa chai yangu."

"Chai gani, maji ya rejeta yale?"

Bwana Elisha akatusalimia kwa adabu, "Shikamooni wazee," kisha akanigeukia. "Kwa hiyo, mzee, kwa maoni yako ya kitaalamu, chanzo ni dereva?"

Nilikuwa bado nacheka. "Nani mwingine? Na waliomzaa."

Aliandika. Nilimwona akiandika na nikadhani anaandika namba ya gari.

Wiki mbili baadaye Filipo alikuja gerejini na barua. Hakunitukana. Alisema, "Habari za asubuhi, Bwana Fundi," na mimi nikaweka spana chini. Barua ilimtaka ajieleze mbele ya kamati siku ya Alhamisi kwa nini asiachishwe kazi kwa uharibifu wa mali ya shirika. Sababu ilikuwa imeandikwa vizuri, bila kosa hata moja: "Fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi amethibitisha kwamba sauti zote zimetiwa na dereva kwa makusudi, kwa lengo la kupata mapumziko na chai."

Chini yake, kwenye sehemu ya sababu nyinginezo, palikuwa na neno moja: "Malezi."

Filipo alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini. Mke wake alikuwa hajiwezi kwa miguu, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya zahanati. Kazi ikienda, na nyumba inakwenda. Haya yote nilikuwa nayajua nilipokuwa nasema amefundishwa na mbuzi.

Nilikwenda ofisini mchana huo huo. Nikamweleza Bwana Elisha maana ya utani. Alisikiliza kwa makini, hata akaandika.

"Nimekuelewa, mzee. Ni jambo zuri la utamaduni. Lakini ushahidi ukishaingia haufutiki. Unaongezewa tu."

"Basi ongeza kwamba nilikuwa namtania."

"Nimeongeza. Sasa kamati itauliza: kama si dereva, ni nini? Mtuletee chanzo cha kiufundi kabla ya Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne alfajiri nilipanda gari lenyewe, maana Filipo alikuwa bado analiendesha. Shirika lilikuwa limemtuhumu kwamba analiharibu gari na papo hapo limemwomba aendelee kuliendesha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali njia ile. Nilikaa sakafuni nyuma, katikati ya maboksi ya dawa, nikiwa na nondo yangu sikioni. Lami ilipoishia, Filipo akasimamisha gari, akashuka, akaenda mbele. Nikachungulia dirishani.

"Unafanya nini?"

"Nafunga habu, Bwana Fundi. Huko mbele ni tope."

"Huwa unazifunga kila siku?"

"Kila siku. Nikishuka nafungua hapa hapa. Si wewe mwenyewe ulinikataza kwenda nazo kwenye lami?"

Ni kweli nilimkataza, na nilikuwa sahihi. Nikarudi kukaa sakafuni taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani. Habu zikiwa wazi, propela ya mbele hailazimiki kuzunguka. Kila mara gari lilipoletwa gerejini, nusu ya mitambo yake ilikuwa imelala, na mimi nilikuwa naipeleka Msamvu na kuirudisha ikiwa imelala, halafu nafungua ile nusu nyingine. Kumuuliza dereva mara mbili nilimuuliza. Sikumuuliza njiani anashuka wapi garini, na kufanya nini.

Tulipanda hadi zahanati, tukashusha dawa, tukapakia wagonjwa wawili na magunia ya karoti ya ndugu zao. Kwenye mteremko wa kwanza ikaanza. Ngudu, ngudu, ngudu. Nondo ikaniambia mara moja: mbele. Sauti ilikuwa inatembea kwenye chesisi na kutokea nyuma.

Tulisimama mahali tambarare. Nikalala kwenye tope. Propela ina vipande viwili vinavyochomekana kwa meno, na kila kipande kina masikio yake yanayoshika krosi. Masikio ya pande zote mbili lazima yatazamane sawasawa. Yakipishana, propela inazunguka kwa kurukaruka na chuma chote kinalia. Ya gari lile yalikuwa yamepishana. Mtu aliitoa propela ya mbele, akairudisha bila kuangalia alama.

Nilitafuta wa kumlaumu kwa muda wa kama robo saa, chini ya gari, peke yangu. Hakuna gereji nyingine iliyokuwa imegusa mbele. Filipo hana spana ya saizi ile. Aliyeitoa propela hiyo nilikuwa mimi, baada ya masika, kabla sauti haijaanza, kubadilisha krosi. Kabla ya kutenganisha vipande unapiga alama kwa patasi, pande zote mbili. Siku ile patasi sikuiona karibu, nikaandika kwa chaki. Halafu nikaiosha propela kwa dizeli, kwa mikono yangu, vizuri sana, hadi ikang'aa. Alama ikaenda na dizeli. Nikakadiria kwa jicho, kwa sababu fundi mzoefu ana jicho.

Nilitoka chini nikamwambia Filipo. Mmoja wa wagonjwa, mama mtu mzima, akauliza kama tunaondoka au tunahamia hapo.

"Nipe dakika ishirini," nikamwambia Filipo. "Nairudisha sasa hivi, sauti inakwisha."

"Acha."

"Kwa nini?"

"Ikinyamaza leo, Alhamisi watasema nini? Watasema Filipo ameona barua, ameogopa, ameacha mchezo wake. Usiiguse."

Yeye alisoma hadi darasa la nne. Katika watu wote wa kesi hii, ndiye peke yake aliyefikiri hatua mbili mbele. Tukashuka polepole, na sauti yetu tukashuka nayo.

Alhamisi kamati ilikuwa na watu watano: Mama Mwenyekiti, Bwana Elisha akiwa katibu, na wajumbe watatu ambao kazi yao ilikuwa kuuliza wenzao kama wanasikia baridi ya feni. Nikasimama nikasema kosa si la dereva, kosa ni langu, nikaeleza chaki na dizeli.

Mama Mwenyekiti akapekua karatasi. "Mzee Shabani, hapa umesema dereva. Hapa chini umesema ulikuwa unamtania. Leo unasema ni wewe. Kamati ingependa kujua: haya ya leo ni ushahidi au ni utani?"

"Ni ushahidi, mama."

"Tutajuaje? Mtani si ndiye anayemzika mtani wake? Huenda umekuja kumbeba mwenzio."

Mjumbe mmoja akasema kwamba katika uzoefu wake hakuwahi kuona fundi akisema kosa ni lake, na jambo hilo pekee linatia shaka. Hata mimi nilikuwa sijawahi kuona.

"Basi twendeni tukapande gari," nikasema. "Lipo hapo nje, halijaoshwa."

Tulikwenda wote saba. Kwenye lami, kimya. Wajumbe wakaanza kutazamana. Lami ilipoishia Filipo akashuka bila haraka, akafunga habu, akarudi kwenye usukani. Tukapanda kidogo, tukageuza, tukaanza kushuka. Sauti ilipokuja, mmoja wa wajumbe wa baridi alishika chuma kwa mikono miwili.

"Hii si hatari?"

"Wagonjwa wenu huwa hawaulizi," Filipo akasema.

Nikatandika gunia, nikaingia chini mbele ya kamati nzima iliyosimama kwenye nyasi na viatu vya ofisini. Nikaitoa propela, nikaibeba hadi kwao, nikawaonyesha masikio yalivyopishana. Nikayalinganisha, nikapiga alama kwa patasi pande zote mbili, nikairudisha. Tukapita njia ile ile, habu zimefungwa. Kilichosikika ni karanga anazotafuna mjumbe wa nyuma. Mjumbe mwingine akaomba tuirudishe ile sauti kidogo, kwa kuwa alikuwa hajairekodi. Mama Mwenyekiti akamkatalia, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Shirika liliyaondoa magari yake yote kwenye gereji yangu, na lilikuwa na haki. Lakini Ijumaa Filipo alinipigia simu kutoka ofisini kwao. "Njoo," akasema tu. Nilimkuta kwenye benchi la korido, amelaza funguo za gari magotini. Barua ilikuwa imetoka. Ilisema kamati, baada ya kuzingatia mambo yote, imeamua kumsamehe dereva.

"Anayesamehewa amekosa," Filipo akasema. "Mimi nimekosa nini?"

Bwana Elisha akatoka, akaeleza kwa upole kwamba fomu ya uamuzi wa kamati ina sehemu mbili tu, kufukuzwa na kusamehewa, na hii ndiyo iliyo nzuri. Kazi anaendelea nayo, nyumba anaendelea nayo, sasa tatizo liko wapi?

"Andika ya tatu," Filipo akasema.

"Mzee, hiyo fomu inatoka makao makuu."

"Tutaingoja itoke."

Nikakaa kando yake. Huko nje maboksi ya dawa yalikuwa yanasubiri kupanda mlima na Bwana Elisha alikuwa anayaona dirishani kama sisi. Tulikaa asubuhi yote. Watu walipita wakitusalimia, wakarudi kutoka kula wakatusalimia tena. Saa tisa hivi Bwana Elisha akaiweka fomu pembeni, akaandika barua ya kawaida kwa maneno yake mwenyewe, akaigonga muhuri. Nadhani ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote pale.

Filipo aliipokea, akaisoma polepole hadi mwisho. Kisha akanipa mimi.

"Soma kwa sauti."

"Si umeshaisoma?"

"Soma, wewe mwandika kwa chaki."

Nikasimama kwenye korido ile, milango yote ikiwa wazi, nikasoma. "Dereva hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la fundi."

Filipo akageuza shingo, akatazama chumba cha mwisho kabisa, ambako karani alikuwa ameinamia kazi yake.

"Rudia," akasema. "Yule kule hajasikia."

Nikarudia.